Mzee amelazwa kwa kiharusi na bado ana presha, sukari na kifafa: utamtunzaje huko wodini

Mzee akiamka asubuhi mdomo umepinda na mkono umelegea, nyumba nzima inasema neno moja, kiharusi, anapakiwa kwenye gari mbio mpaka hospitali. Vizuri, msikae mkisubiri jioni eti labda atapoa, hapo sina ugomvi. Ila huyo mzee haingii wodini na ugonjwa mmoja. Ana presha tangu zamani, ana sukari, magoti yanamsumbua na kuna vidonge anavinunua mwenyewe kwa ajili ya hayo magoti, labda kifafa kilimwanza baada ya kuugua mwaka juzi, labda anameza dawa za VVU na watoto wake hawajui. Mi ni nesi, wodi ya wagonjwa wa ndani huku mashariki mwa Uganda, wagonjwa wetu wanatoka Busia, Malaba, Tororo mpaka kule milimani Mbale, na mzee wa miaka 70 akiletwa na shida ya ubongo peke yake bila kingine chochote huwa namshangaa.

Tatizo ni kwamba hospitali imegawanywa kwa viungo. Daktari wa ubongo anaangalia ubongo, kliniki ya sukari ina siku yake, ya presha siku yake, ya VVU iko jengo lingine kabisa na faili lake halitembei, sisi manesi nasi tunabadilishana zamu, wa asubuhi sio wa usiku. Mtu pekee anayemwona mzee mzima kuanzia kichwani mpaka kidole cha mguu, usiku na mchana, ni wewe uliyetandika mkeka pembeni ya kitanda. Watu wanadhani kazi ya mtunza mgonjwa ni kufua na kuleta uji. Hizo zipo, ila kazi kubwa ni kuyakumbuka magonjwa yote kwa pamoja na kuwakumbusha wengine, na hilo lina namna yake.

Beba dawa zote

Mnapotoka nyumbani, au kama mlitoka kwa haraka basi mtu arudi na boda siku hiyohiyo, kusanyeni dawa zote za mzee mtie kwenye kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki. Zote ni zote. Zilizoisha zikabaki karatasi tupu, zilizopitwa na tarehe, za kupaka, matone ya macho, mululuza (yale majani machungu) aliyochemshiwa na jirani, unga wa mitishamba ulio kwenye chupa ya maji, na vile vidonge vya duka la dawa vilivyofungwa kwenye kikaratasi bila jina. Usichambue ukisema hii haina maana. Ile unayoidharau mara nyingi ndo ina kesi: diklofenaki ya magoti inapandisha presha na inaumiza figo, na akiwa anaimeza pamoja na kaptoprili au losatani za presha na dawa ya kukojoza, figo za mzee zinaweza kugoma ndani ya siku chache tu.

Angalia chini ya mto, mfuko wa koti, ndani ya kopo la majani ya chai. Wazee wengi wenye VVU wanahamishia vidonge kwenye kopo lingine ili wakwe na wajukuu wasisome. Ukikuta kopo la vidonge visivyo na jina usiliinue mbele za watu ukauliza, baba hizi ni za nini. Lifunge, mfuate nesi pembeni umwambie, "Sista, nimekuta hizi, naomba mziangalie polepole bila watu kujua." Tutamuuliza mzee wenyewe, wageni wakishatoka. Ukinyamaza kwa aibu, atakaa wiki nzima bila kumeza, halafu daktari atampangia dawa ya kifafa isiyopatana nazo na hakuna atakayegundua.

Kitabu kimoja

Kila mtu hapa anajua kwenda kituo cha afya na kitabu cha shule, daktari anaandika humo humo. Mzee mwenye magonjwa manne ana vitabu vinne, na kimoja kimeshaliwa na panya. Nunua kipya, kimoja, juu andika jina lake na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Ukurasa wa kwanza uwe mfupi, daktari wa zamu ya usiku ausome akiwa amesimama. Mfano:

"Mzee, miaka 74, wa Malaba. Presha tangu 2009. Sukari tangu 2015, vidonge tu, hajawahi kuchoma insulini. Kiharusi cha kwanza 2021 upande wa kushoto, akapona akabaki anavuta mguu. Kifafa kilimkamata mara mbili baada ya hapo, anameza kabamazepini. Penisilini ilimvimbisha uso. Kabla ya juzi alikuwa anatembea na fimbo, anakula mwenyewe, anajua majina ya wajukuu wote. Jumapili saa 3 usiku alikuwa mzima. Jumatatu saa 12 asubuhi tukamkuta hawezi kusema."

Mistari ya mwisho ndo watu wanaisahau na ndo tunaihitaji kuliko yote. Daktari hajawahi kumwona mzee wako akiwa mzima. Anamkuta amelala, amenyamaza, hamjibu, anaweza kudhani ndo alivyo siku zote, mzee amechoka basi. Wewe ukisema wiki iliyopita alikuwa anahesabu pesa za maziwa mwenyewe, mambo yanabadilika, maana hapo tunajua kilichopotea ni kikubwa na kimepotea juzi. Na ile saa mliyomwona mzima mara ya mwisho, ndo hiyo inahesabiwa, sio saa mliyomkuta ameanguka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, na hata pale ambapo haipo, daktari bado anataka hiyo saa ili ajue anasoma skani ya wakati gani.

Ukurasa wa pili ni dawa. Jina, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, ya ugonjwa gani, nani alimwandikia. Halafu pembeni andika kitu ambacho hakuna fomu inayouliza: anaimeza kweli? Sema ukweli jamani, hakuna atakayewafunga. Wapo wazee wameandikiwa dawa tatu za presha, wanameza moja, siku kichwa kikiuma. Akifika wodini tukamuanzishia zote tatu kama zilivyoandikwa, kila asubuhi bila kukosa, presha inaweza kuanguka mpaka akazimia, na mtasema hospitali imemmaliza.

Kuanzia ukurasa wa tatu ni habari za kila siku. Presha, sukari, joto, amekula nini na kiasi gani, amepata choo lini, mkojo una rangi gani, dawa ipi amepewa na ipi haikuwepo stoo. Mistari mitano inatosha.

Dawa zinazogombana

Huna haja ya kuwa dokta, ila mzee anayemeza dawa tano kwenda juu hapa ndo penye ajali, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na kifafa. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinalifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Dolutegraviri, ambayo imo kwenye kile kidonge cha VVU cha mara moja kwa siku, inapungua kwenye damu. Dawa imo tumboni lakini kazi haifanyi vya kutosha. Zipo njia, ama wabadilishe dawa ya kifafa ama dolutegraviri iongezwe iwe mara mbili kwa siku, anayeamua ni daktari, ila hawezi kuamua juu ya kitu ambacho hajaambiwa. Hizohizo za kifafa zinapunguza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na ya baadhi ya dawa za presha, na rifampisini ya TB nayo ina tabia hiyohiyo. Halafu dolutegraviri yenyewe inapandisha metformini, dawa ya sukari, mwilini, ndo maana mwenye sukari na VVU metformini yake kwa kawaida haipitishwi miligramu 1000 kwa siku. Umeona jinsi zilivyoshikana? Kliniki tatu tofauti, na kila moja imeandika dawa sahihi.

Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Stoo ikiwa imeisha, ndugu wanasema tungoje mpaka Jumatatu pesa ije, na kifafa hakijui Jumatatu. Mzee akikosa dozi mbili tatu anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo ni hatari ya kufa. Kama kuna dawa moja tu ya kukopea pesa jioni hiyo, iwe hiyo.

Kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, wale wanaotetemeka mkono ukiwa umetulia na wanatembea kwa hatua fupifupi, kuna mambo mawili. Kwanza levodopa, dawa yao ya Parkinson, inafuata saa zake, haifuati saa za wodi. Kama nyumbani alikuwa anameza saa 12, saa 5 na saa 10, mwambie nesi, na kama wodi inagawa dawa saa 2 basi omba uruhusiwe kumpa mwenyewe kwa saa zake. Mpe nusu saa kabla ya maharage au nyama, vyakula hivyo vinaizuia isiingie vizuri. Nayo haikatwi ghafla. Pili, mzee akitapika mtu atakimbilia metoklopramidi, akipiga kelele usiku mtu atakimbilia haloperido, na hizo mbili zinafunga mlango uleule ambao levodopa inapitia. Jana alikuwa anashika kikombe cha uji, leo amekauka, shingo haigeuki, mate yanamtoka, na ndugu wanadhani ugonjwa umeamua kumchukua. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza andika kwa herufi kubwa: ANA PARKINSON, METOKLOPRAMIDI NA HALOPERIDO HAPANA MPAKA DAKTARI MKUU AULIZWE. Hakuna nesi mwenye akili atakayekasirika, mi ningekushukuru.

Tramado ya maumivu inaweza kuamsha kifafa kwa mwenye nacho, ulizeni kabla hamjainunua nje. Piritoni, fenagani na amitriptilini, hizi za kulalisha na kuwashwa, kwa mzee zinaleta kuchanganyikiwa na mkojo kuziba. Duka la dawa litakupa piritoni kama pipi, sio kwa mzee mwenye shida ya ubongo.

Halafu kusaga. Hii naiona mara kwa mara na inaniuma maana inafanywa na watoto wazuri. Binti amekaa ukingoni mwa kitanda, ana vijiko viwili, katikati ya vijiko kuna kidonge kidogo cha rangi ya waridi, anakandamiza kwa kidole gumba mpaka kinakuwa vumbi, anakoroga na maji, anakivuta na sindano, anasukuma kwenye mpira wa puani, anafuta mdomo wa baba yake. Kila kitu kimefanyika kwa usafi na upendo. Kidonge ni nifedipini ya presha, ile ya kukaa mwilini saa nyingi, imetengenezwa itoke kidogo kidogo, na sasa imetoka yote kwa mkupuo. Baada ya muda presha iko chini kupita kiasi, na ubongo ambao tayari umekosa damu upande mmoja unakosa tena. Ukiona neno "retard" au herufi SR, XR, MR kwenye karatasi ya dawa, usisage, uliza kama kuna aina nyingine. Na ile ya kutoboa nifedipini na kuimwaga chini ya ulimi ili presha ishuke haraka, iacheni kabisa.

Anayemezeshwa kwa mpira apewe dawa moja moja, maji kidogo kabla na baada, usizichanganye kwenye kikombe kimoja. Fenitoini haipatani na uji wa mpira, ikikutana nao inaingia kidogo sana, kwa hiyo mwulize nesi asimamishe chakula kwa muda gani.

Kumeza na kula

Mgonjwa wa kiharusi asipewe kitu chochote mdomoni, hata maji, hata dawa, mpaka nesi amjaribu kumeza. Najua inaumiza kuona midomo imekauka na mzee anaomba maji, lowesha kitambaa umpanguse. Chakula kikienda njia ya mapafu kinaleta nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wetu wengi ambao kiharusi chenyewe wangekivuka.

Akiruhusiwa kula, mkalishe wima kabisa, sio kuegemea nusu, kidevu kielekee kifuani kidogo, kijiko kidogo, weka upande wa mdomo wenye nguvu, ngoja ameze ndo ulete kingine. Maji na chai ni vigumu kuliko uji mzito, watu wengi hawaamini hilo. Matoke yaliyopondwa na mchuzi wa karanga yanapita vizuri kuliko posho (ugali), wali unasambaa mdomoni na kumpalia. Akimaliza kula abaki amekaa nusu saa. Akikohoa kila akimeza, au sauti yake ikawa kama ina maji ndani, simamisha, ita nesi. Piga mswaki asubuhi na jioni hata kama hana meno, mdomo mchafu ndo unapeleka wadudu mapafuni.

Sasa hapo magonjwa mengine yanaingia kwenye sahani. Mwenye sukari wageni wanamletea soda na juisi za kumtia nguvu, na glukosi ya unga kila mtu na pakiti yake, zikusanye uzifiche, usibishane na mashemeji, waambie daktari amekataza. Mwenye presha chumvi ipungue, na zile unga za mchuzi za pakiti zimejaa chumvi. Mwenye figo zilizochoka, tena akiwa anameza kaptoprili au losatani, uliza kuhusu matoke, maana yana potasiamu nyingi na ikizidi inasumbua mapigo ya moyo. Nikisema matoke yana neno watu wananiangalia kama nimetukana, basi ulizeni, mtaambiwa kiasi.

Presha imeachwa juu makusudi

Hapa ndo tunagombana sana na ndugu. Mashine imesoma 190/100, mzee amelala, na hakuna anayempa dawa. Mnaanza kupiga simu Kampala, wanatuua mzee huku. Sikieni. Kwa kiharusi cha damu iliyoganda, siku ya kwanza na ya pili presha inaachwa juu kidogo, hiyo presha ndo inasukuma damu ipite kwenye njia zilizobaki. Kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu, kwa kawaida haishushwi mpaka ipite 220 juu au 120 chini, au kama kuna sababu nyingine kama moyo. Kama ni mshipa uliopasuka na damu kuvuja, hapo inashushwa mapema zaidi. Swali zuri la kuuliza ni "dokta, mnataka presha yake iwe kati ya ngapi na ngapi leo?" Akikujibu andika kitabuni, ikitoka nje ya hapo ita.

Ni sababu hiyohiyo aspirini haipewi nyumbani. Kwa macho huwezi kutofautisha damu iliyoganda na iliyovuja, hata mi siwezi, ni skani ya kichwa inayosema. Aspirini kwa aliyevuja ni kuongeza moto.

Sukari nayo inadanganya. Ikishuka chini ya 3.9 (70 kwa mashine za miligramu) mzee anaweza kulegea upande mmoja, kuongea ovyo, hata kushikwa kama kifafa, ukadhani ni kiharusi kipya. Wanaomeza glibenklamidi na figo zao ni dhaifu wako hatarini zaidi, dawa inakaa mwilini na sukari inashuka tena na tena hata baada ya kupewa dripu. Kwa hiyo kila mzee akibadilika ghafla, sentensi ya kwanza mdomoni mwako iwe "sista, naomba apimwe sukari." Na siku hakula, au alikula vijiko viwili akatema, sema kabla hajapewa dawa ya sukari au kuchomwa insulini. Nesi wa zamu anaona sahani tupu, hajui kwamba ni wewe uliyekula.

Akianza kuongea na watu wasiokuwepo

Usiku wa pili au wa tatu mzee anang'oa dripu, anamwita marehemu mama yake, anataka kwenda kukamua ng'ombe. Familia nyingine zinaanza kunong'ona mambo ya majini, wengine wanasema uzee, au kwamba akili imeshapotea na haitarudi. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla na kupanda na kushuka ndani ya siku moja ni dalili kwamba kuna kitu mwilini, na mara nyingi kinatibika. Nimonia, malaria, maambukizi ya mkojo, mkojo uliojaa haujatoka, choo cha siku tano kimekwama, sukari, upungufu wa maji, dawa mpya. Fungua kitabu: dawa gani imeanza juzi? Choo lini? Hapo ndo ile mistari mitano inalipa.

Wakati vipimo vinasubiriwa, mvalishe miwani yake kama anayo, kama ana kifaa cha masikio kiletwe, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, mtu anayemjua akae naye usiku, mchana asilale siku nzima. Mtu mmoja aongee naye kwa lugha yake aliyozaliwa nayo. Tuna wazee waliokaa jeshini wakaongea Kiswahili miaka 40, wakichanganyikiwa wanarudi kwenye Kiteso au Lugisu, na nesi akimuuliza kwa Kiingereza anaandika "hajibu". Kumfunga mikono kitandani kunamzidisha.

Kitandani

Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, pangeni zamu na ndugu. Angalia kiuno, visigino, makalio, wekundu au weusi usiofifia ukibonyeza ndo mwanzo wa kidonda, na mwenye sukari kidonda hicho kitakaa miezi. Mkono uliolegea usiuvute kumwinua, bega linachomoka, mshike kiwiliwili. Chupa ya maji moto miguuni hapana, miguu yenye ganzi ya sukari haijui inaungua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, ita mara moja, hiyo inaweza kuwa damu imeganda mguuni na imepanda kifuani. Mpira wa mkojo kila siku uliza bado unahitajika? Ukikaa bure unaleta maambukizi.

Raundi

Madaktari wanapita haraka, faili mkononi, wanafunzi nyuma. Ukikimbilia chai saa hiyo umepoteza siku. Simama na kitabu, anza na kilichobadilika tangu jana, halafu maswali mawili, usilete kumi. Moja ninalolipenda: "Kati ya magonjwa yake yote, lipi linatusumbua zaidi leo?" Linamlazimisha daktari amwangalie mzee mzima. Kama amekuja wa figo akaongeza dawa, na wa ubongo hajui, muulize, "Hii inapatana na ya kifafa anayomeza?" Kwa heshima tu, ukianza na "Samahani dokta" hakuna atakayekufokea. Na akikufokea bado atakujibu.

Pesa. Hospitali za serikali hapa Uganda hazitozi ada wodi za kawaida tangu 2001, ila dawa ikiisha stoo na kipimo mashine ikiharibika mnatumwa nje, hilo kila mtu analijua. Mkiandikiwa vipimo vitatu na pesa ni ya kimoja, msinyamaze mkakosa vyote. Uliza kipi kitabadilisha matibabu ya leo. Mara nyingi kwa mzee wa namna hii kipimo cha damu cha figo na chumvi za mwilini ni rahisi na kinasema mengi: sodiamu ikishuka sana inaleta kifafa na kuchanganyikiwa, na dawa za kukojoza au kabamazepini zinaweza kuishusha.

Siku ya kuruhusiwa

Hii ndo siku yenye makosa mengi kuliko ya kulazwa, kila mtu ana haraka, gari linasubiri nje. Usitoke na karatasi tu. Kaa na nesi au mtu wa famasia na lile kaveera mliloleta, mwage dawa zote kitandani, mzigawe mafungu matatu: zinazoendelea, zilizobadilishwa dozi, zilizosimamishwa. Za tatu msirudi nazo nyumbani, mzee atazirudia, wanapenda za zamani. Nimeona mtu ameruhusiwa na amlodipini mpya ya presha huku nyumbani ana amlodipini nyingine yenye jina la kampuni tofauti, anameza zote mbili, miguu imevimba, wanasema ni moyo.

Dawa yoyote mpya muulize itamezwa mpaka lini. Ya tumbo aliyopewa kwa sababu ya sindano za wodini haina haja ya kuendelea miaka mitatu.

Kliniki nazo, jaribuni kuzipunguza. Ombeni siku za presha na sukari ziwe moja, na kama kituo cha afya daraja la nne kilicho karibu kinaweza kumpa dawa za kila mwezi basi apelekwe huko na barua, hospitali kubwa abaki anakwenda kwa ajili ya kifafa au Parkinson tu. Kumtoa mzee asiyetembea Malaba mpaka Mbale mara nne kwa mwezi, kwa gari la kukodi, mtaacha mwezi wa pili, nawajua. Mazoezi ya mkono na mguu muonyesheni mtu wa fizio kwamba mnaweza kuyafanya mbele yake kabla hamjaondoka, na rekodini kwa simu.

Wale ndugu walioko Kampala au nje wanaotuma pesa, wapigieni picha ukurasa wa kwanza na wa pili kila dawa inapobadilika, ili anayenunua huko anunue iliyoandikwa leo. Na kitabu chenyewe kiwekwe mahali ambapo hata mjukuu akibaki peke yake na mzee usiku anaweza kukishika njiani akikimbilia boda.